Ulimi wa Mkaguzi wa Mizani

Jumanne, 4 Machi

Kwa mke wa mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako ya wiki jana niliipata na nimeisoma. Umeandika "razi" badala ya "radhi" na "zaifu" badala ya "dhaifu". Nimeyazungushia kwa kalamu nyekundu na nakurudishia humu ndani uone. Usiudhike. Nimefundisha lugha miaka thelathini na miwili, mkono unakwenda wenyewe.

Katika gunia hili kuna kabichi mbili, mafungu matatu ya mchicha, na spinachi niliyoifunga kwenye gazeti. Mwanangu ameniandikia kwamba mboga za dukani huko kwenu hazipiti kooni. Simlaumu. Kabichi ya dukani ni maji yaliyokunjwakunjwa. Inavunwa kabla haijajijua, inapakiwa, inalazwa kwenye baridi, ikifika sahanini imeshasahau ilikotoka. Kabichi ya bustani inakatwa asubuhi na umande wake. Ukilivunja jani linasema "kwa!" Ina utamu mwanzoni, na mwishoni ukali kidogo unaopanda puani.

Tafadhali usiichemshe mpaka itubu dhambi zake. Dakika chache, kitunguu, chumvi, basi. Mara ya mwisho nilipokuja kwenu nililetewa mchicha uliopikwa mpaka ukawa wino. Siku ile sikusema kitu. Nasema leo.

Gunia nirudishie.

Mama wa mumeo


Jumatano, 12 Machi

Mama, shikamoo.

Gunia na barua nimepata. Asante kwa masahihisho. Nimeyabandika kazini, ukutani juu ya mashine ya kusagia vioo vya miwani, ili "radhi" na "dhaifu" vinitazame kutwa.

Mboga zilifika salama salimini, mbichi kabisa, utadhani zimechumwa hapa kwenye ngazi za jengo letu. Mwanao alikula sahani mbili. Unamjua anavyokula: anashika uma kama anashika jiwe la mizani, anatia mdomoni, anatulia, halafu anatoa hukumu. Alisema, "Hii ndiyo kabichi. Masikio yangu unaweza kuyadanganya. Ulimi wangu, thubutu!" Tangu alipopewa ukaguzi mkuu wa mizani za masoko yote, anaamini hakuna kitu duniani kinachoweza kumpunja. Juzi alimkamata muuza nyama aliyebandika sumaku chini ya mizani, akarudi nyumbani anatembea kama jogoo.

Jumapili jirani wa ghorofa ya chini alitualika chakula. Kabichi ilipofika mezani mwanao akauliza mbele ya watu, "Hii ya dukani, siyo?" Jirani akasema ndiyo. Akaweka uma chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini usijisumbue kututumia kila wiki, Mama. Kituo cha basi ni mbali na kwako. Unaweza kupumzika hata mwezi mzima, hatutalalamika. Ningekupigia simu kukusisitizia, ila najua msimamo wako kwamba simu haina nukta wala mkato.

Mkweo


Jumatano, 19 Machi

Kwa mkwe wangu,

Barua yako haina kosa hata moja. Nimetafuta mara mbili.

Kupumzika nitapumzika kaburini. Natuma kabichi tatu. Ukiziona safi mno, ni kwa sababu nimeziosha. Ukiona majani yana matundu ya duara yanayolingana, hao ni wadudu wa huku. Wana nidhamu.

Nimefurahi sana kwamba mwanangu bado anaijua ladha ya nyumbani. Ulimi huo niliulea mimi. Ulionja mchicha wangu kabla meno hayajaota. Je, bado ana yale mawazo yake kwamba siku bustani itakaponishinda nifunge nyumba nihamie kwenu, kwenye kile chumba chenye baiskeli? Mwambie haijanishinda. Mwambie inastawi ajabu.

Mama mkweo


Alhamisi, 27 Machi

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Kaa chini kwanza, nina habari kubwa.

Wiki jana karani wetu wa stoo alisema kabichi ni kabichi, iwe ya dukani iwe ya mbinguni. Nikamwambia: subiri kesho. Mke wangu akapika sufuria mbili, chumvi ile ile, kitunguu kile kile. Moja kabichi yako, moja ya dukani. Akaniletea ofisini saa ya chakula. Wakanifunga macho kwa tai ya bosi. Nikaonja ya kulia: maji matupu. Nikaonja ya kushoto. Mama, machozi yalinitoka. Nikasema, "Hii imetoka kwenye mikono iliyonilea." Ofisi nzima ikapiga makofi, na karani wa stoo akaniomba radhi hadharani.

Usiku huo huo nilipata mwanga. Nimekagua mizani za wenzangu miaka kumi na minne. Kwa nini nisiwe na kitu changu cha kuweka juu ya mizani? Mwisho wa Aprili naacha kazi. Tutalima kabichi, wewe na mimi. Tutaiita Ladha ya Mama. Wewe utakuwa mkurugenzi, mimi nitakuwa kila kitu kingine. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye droo, imebaki tarehe na sahihi.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili nakuja kuiona bustani na kuipiga picha ya kuweka kwenye kibao. Usihangaike kuandaa chochote. Nitavuna mwenyewe.

Mwanao


Alhamisi, 27 Machi

Mama, shikamoo.

Ndani ya gunia tupu utakuta bahasha mbili. Anza na ya mwanao, kisha hii. Na ukae chini kama alivyosema, ingawa kwa sababu nyingine.

Mama, tangu Januari sijapika hata jani lako moja. Gunia linakaa siku nzima kituoni likisubiri basi, na siku ya pili linawekwa juu ya injini. La kwanza lilipofika lilikuwa linatoa moshi. Nililifungulia kwenye korido na jirani wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama kuna mtu amekufa. Ningekuambia, lakini nakufahamu, wewe ni mama mkwe mwenye kalamu nyekundu. Nikaona nitaonekana sijui hata kupokea kabichi. Basi nikashuka dukani hapa pembeni, nikanunua nyingine, nikapika. Mwanao akala. Akasema, "Hii ndiyo kabichi." Nikamwongezea. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, nao ukazaa.

Kuhusu ofisini, sufuria zote mbili zilitoka kwenye kabichi moja ya dukani. Niliipasua katikati kwa kisu kimoja, nusu huku, nusu kule. Nilidhani ataonja aseme zinafanana, mambo yaishe kwa kicheko. Badala yake akalia.

Sasa anataka kuacha kazi kwa ajili ya kabichi ambayo hajaila. Nisamehe, Mama. Nishauri. Kama kuna makosa ya tahajia humu, leo yaache yapite.

Mkweo


Jumamosi, 29 Machi

Mwanangu,

Barua yako, si ya mumeo, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nimecheka mpaka mwalimu mstaafu wa hesabu, jirani yangu, akaja kugonga dirisha.

Sasa nisikilize. Sina bustani.

Goti langu la kulia lilinigomea mwezi Desemba. Nikiinama, siinuki. Siku moja nilikaa kwenye tuta la mchicha tangu asubuhi hadi mchana nikijifanya napalilia, mpaka huyo mwalimu wa hesabu alipopita akanishika mkono. Magugu yakala mchicha, viwavi wakala kabichi, na kuku wa watu wakala viwavi. Waliofaidi ni kuku peke yao. Nikaanza kununua kwenye duka la kituoni. Nilikuwa nazipaka udongo, udongo ukipukutika nasema nimeziosha, nazitoboa kwa msumari. Kisha msumari ukapotea nikatumia kalamu.

Na ujue hili: lori linaloleta kabichi dukani kwetu asubuhi ndilo linaloendelea mpaka kwenu. Kwa hiyo kabichi yangu ya dukani ilikuwa inapanda basi, inaozea njiani, na wewe unamnunulia mume wako dada wa kabichi ile ile.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu mumeo aliapa kwamba bustani ikinishinda nitahamia kwenu. Nami sitaki. Siwachukii, mwanangu. Lakini nyumba hii naijua gizani, na kule kwenu nitakuwa mgeni anayesahihisha mchicha wa mwenyeji. Nawe hutaki pia, useme usiseme. Mwanamke anayeweka baiskeli tatu kwenye chumba cha wageni ana maana yake.

Kumwambia tutamwambia, lakini si sasa. Mumeo akiambiwa amekosea anapanda kitandani na kuugua. Nina mpango. Mwalimu wa hesabu atanunua kabichi arobaini. Ijumaa tarehe 11 tutazipanda ardhini, mistari minne ya kumi kumi. Ataangalia, atapiga picha, atafurahi. Halafu nitamwambia mimi ni mzee, biashara siwezi. Ataondoka na heshima yake, nami nitabaki na nyumba yangu.

Makosa ya tahajia sikuangalia.

Mama


Alhamisi, 3 Aprili

Mama, shikamoo.

Kwanza, baiskeli ni mbili. Ya tatu ni ya jirani. Pili, ni kweli. Nilikuwa naogopa. Sasa sijui kama bado naogopa.

Lakini huo mpango! Kabichi ya dukani haina mizizi, Mama. Imekatwa chini flati kama kisigino. Mwanao ameandika wazi kwamba atavuna mwenyewe.

Nimejaribu kumwambia. Jumatatu nilianza, "Mume wangu, kuhusu ile kabichi..." akanishika mkono akasema, "Najua, mke wangu. Mimi pia nasikia hofu. Lakini hofu ndiyo mwanzo wa mambo makubwa." Kisha akanionyesha mchoro wa kibao. Amekuchora wewe umekumbatia kabichi. Umefanana na askari aliyekamata mwizi.

Nikaitoa barua ya kuacha kazi kwenye droo, nikaificha kazini chini ya boksi la fremu. Alipoikosa hakusikitika hata kidogo. Ameandika nyingine, ndefu zaidi, tena ina methali mbili.

Basi fanya ufanyavyo. Zizamishe chini sana. Na tafadhali, goti hilo lione daktari. Nimekutumia dawa ya kuchua, iko ndani ya kasha la miwani. Usiipake machoni.

Mkweo


Jumapili, 13 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni kwa Mama. Tafadhali usisome barua hii ukiwa kwenye mashine.

Nilifika jana mchana. Nikaiona bustani kutoka getini: kabichi arobaini, zimesimama kwenye mistari kama wanafunzi asubuhi wakisubiri mwalimu mkuu. Nikashangaa kidogo jinsi zote zilivyo na kimo kimoja, lakini nikasema moyoni, huo ndio ualimu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na jirani yake, mwalimu wa hesabu, wote wawili wameshika vikombe vitupu.

Nikapiga picha. Kisha nikachutama, nikashika moja kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nilianguka chali. Kabichi ilikuja kama kofia. Nikaitazama chini: imekatwa flati. Nikavuta ya pili. Flati. Ya tatu ilikuwa bado na karatasi ya duka.

Nikasema, "Mama, hii ni nini?"

Mama akasema, "Hiyo ni aina mpya."

Mwalimu wa hesabu akasema, "Ile karatasi nilisema tuitoe."

Mama akaanza kucheka, mke wangu, na katikati ya kicheko nikaona analia. Akanieleza yote. Bustani ilikufa tangu Desemba. Goti lake limevimba kama boga, na miezi minne hii mimi, mkaguzi wa mizani, nimekuwa nikimwandikia barua za kusifu kabichi bila kuuliza hata mara moja anasimamaje na anakaaje. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeleta gari unihamishe kama kabati." Ni kweli, gari nilishaliulizia.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi, nalo linakuhusu wewe. Mama amebeba lawama zote peke yake. Ameapa kwamba wewe hukujua lolote. Kwamba ulipokea mboga zake kwa moyo mweupe na kuzipika kwa uangalifu. Najua itakuuma kusikia kwamba ulichokuwa unapika kwa mapenzi vile kilikuwa cha dukani. Nakuomba usimkasirikie. Ni mtu mzima, na alikuwa na hofu.

Leo kituo cha afya kilikuwa wazi nikampeleka. Daktari amesema goti litapona nusu, akipumzika na akiacha kuinama. Nimeomba ruhusa ya wiki moja kazini. Barua ya kuacha kazi niliyokuja nayo tumeiwashia jiko. Iliwaka vizuri, ilikuwa ndefu.

Kesho nanunua mbao.

Mumeo

Nyongeza: mizani ya duka la kituoni inapunja. Nimemwandikia mwenye duka onyo.


Jumatatu, 14 Aprili

Mwanangu,

Naandika haraka, mumeo yuko nje anagonga misumari.

Sikukutaja. Ya injini ya basi, ya jirani, ya sufuria mbili, yote yako kwangu na hayatatoka. Ukitaka kumwambia ni juu yako. Mwanamume aliyeanguka chali mbele ya mama yake na mwalimu wa hesabu ameshaadhibiwa vya kutosha kwa mwezi huu.

Hakuniambia nihame. Nilisubiri siku nzima aseme, hakusema. Leo asubuhi alinipima. Ndiyo, alinipima: kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, kwa ile tepu yake ya kazi, akaandika kwenye daftari. Nikadhani ananipimia jeneza. Kumbe anatengeneza masanduku marefu ya udongo yenye miguu, kimo cha meza, ili nipande mboga nimesimama bila kuinama. Ameyasawazisha kwa pima maji ya fundi mpaka mwalimu wa hesabu amemvulia kofia. Anasema atakuja Jumamosi mbili kila mwezi kubeba udongo na maji. Mbegu napanda mimi.

Tumebaki na kabichi thelathini na saba. Mtaa mzima unakula kabichi, na kila mtu ananisifu kwa ladha ya bustani. Nimeacha kukanusha.

Mama


Jumanne, 15 Julai

Mama, shikamoo.

Mwanao alirudi Jumapili na kapu alilolipakata mapajani safari nzima. Anasema kondakta alitaka kuliweka juu ya injini, wakakosana. Ndani mlikuwa na kabichi moja, ndogo kuliko nilivyotarajia, imejikunja vibaya upande mmoja, na fungu la mchicha lenye mizizi na udongo wake. Jana akaenda masokoni kama kawaida, akaniambia nitengeneze kwa ajili ya chakula cha jioni.

Sijakusimulia bado: ya sufuria mbili nilimwambia mwezi wa Mei. Kesho yake akaenda kazini, akaita watu, na mbele ya wote akamwomba radhi karani wa stoo. Tangu siku hiyo wanakula pamoja.

Basi jana nikaikata ile kabichi. Kisu kilipopita ilipiga kelele, nikasimama kuitazama. Nikavunja kipande kidogo kibichi, nikatafuna, nione tu. Mama, nimeolewa miaka tisa. Miaka tisa nimemsikiliza mume wangu akihubiri kabichi nikidhani ni majigambo ya mtoto wa mama. Sasa nilisimama jikoni na koti la kazi bado mwilini, na ule ukali ukapanda puani kama ulivyoandika. Nikatia chumvi kipande kingine. Nikawasha jiko, nikapika mchicha dakika tatu tu, nikauonja, nikauonja tena. Ulikuwa na ladha ya kitu kilichokuwa hai asubuhi. Nikakaa chini na sufuria.

Mwanao aliponikuta, kitako cha sufuria kilikuwa kinaonekana.

"Imebaki?" akauliza.

Nikamwambia, "Majani mawili ya kabichi."

Nilidhani atakasirika. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha pili, akachukua jani lake. Alitafuna pole pole. Nikasubiri hukumu. Hakusema ni ya dukani wala ya nyumbani, hakusema mikono wala malezi. Alimaliza, akafuta vidole, akakaa akitazama dirishani. Akasema, "Kumbe nilikuwa nimeisahau." Kisha akaninyang'anya jani la pili.

Ijumaa tunakuja wote wawili, na tutakaa siku kumi. Nitalala chumba chochote utakachonipa. Nataka unifundishe kupanda, kuanzia mbegu, na unisahihishe kadiri mkono wako utakavyo.

Usivune chochote mpaka tufike.

Mwanao